Maji Yanayochemka kwa 96 na Malalamiko Kuhusu Somo la Fizikia

Ofisi ya ukaguzi imepokea malalamiko ya wazazi wa Lubumbashi wanaodai kwamba walimu wa fizikia wanawachezesha watoto badala ya kuwapa nota. Tunaelewa wasiwasi huo, ingawa unatokana na kudhani kwamba daftari lililojaa ndiyo akili iliyojaa.

Katika shule moja ya mjini, wanafunzi walichemsha maji kwenye mbabula (jiko la makaa), na kipimajoto kikasimama kwenye nyuzi 96. Msichana mmoja aliandika 96, akatazama kitabu, akaifuta na kuandika 100. Jirani yake alitangaza kwamba kipimajoto kimeharibika. Kilikuwa kizima. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko kule Muanda, pwani ya bahari, na maji huchemka kabla ya kufika 100.

Mfano wa ufundishaji tunaouhimiza, Tabiri–Tazama–Eleza, ambao watafiti wa elimu White na Gunstone waliueleza mwaka 1992, unazuia ufutaji huo. Mwanafunzi huandika utabiri wake na sababu yake kwa kalamu ya wino kabla moto haujawashwa, kisha huandika alichokiona, kisha hueleza mwenyewe kwa nini viwili hivyo vimetofautiana. Hatua ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo walimu wengi huiruka kwa kutoa jibu haraka mno. Mwanafunzi aachwe ahangaike kidogo: ashuku kipimajoto, akipime upya, aulize kwa nini maharagwe huchelewa kuiva milimani.

Wapo wanaosema kwamba Mtihani wa Serikali ni wa kuchagua jibu, hivyo kukariri kunatosha. Tumelijibu hili mara nyingi. Aliyekariri 100 ataichagua hata pale swali linapomweka juu ya mlima.

Kwa upande wa taratibu, jaribio liandikwe kwenye fishi ya maandalizi (karatasi ya mwalimu ya kuandalia somo) na kwenye jurnali ya darasa, vyote vikiwa na tarehe na saini ya prefe (mkuu wa shule). Somo lisiloonekana humo mkaguzi hulihesabu kuwa halikufundishwa, na huandika hivyo katika ripoti, hata kama darasa zima litashuhudia kinyume chake. Mzazi mwenye lalamiko amwone prefe kwanza, akiwa na daftari lenyewe mkononi, lililofunguliwa kwenye ukurasa wenye utabiri wa mtoto.