Hariri Haitaki Kostiki

"Fundi, kwani dawa si zile zile za batiki ya pamba?" Sizo. Swali hili limeulizwa Mwanza hii mpaka linachosha, na kila likiulizwa ujue kuna kipande cha hariri kimeshaharibika mahali.

Kostiki (magadi makali) na haidrosi (unga unaoiyeyusha rangi) ni za pamba. Pamba ni mmea, inavumilia. Hariri imetoka kwa kiwavi, ni protini kama nywele zako, na kostiki ya moto huila. Kipande kikitoka kwenye beseni utadhani ni kizima. Kikishakauka mng'ao umekufa, kinakwaruza vidoleni, na ukikivuta kidogo kinachanika kama gazeti. Hapo hata ukisuuza mara ngapi, umechelewa.

Tumia rangi za asidi, zinazoshika kwa siki na mvuke. Kaza kitambaa kwenye fremu kisiguse meza. Nta ya moto ya kuchorea, ile inayozuia rangi, iwe nusu ya nyuki (ya Tabora ipo tele), nusu mshumaa. Mshumaa mtupu unabanduka, maana hariri hailali kimya. Mstari mzuri wa nta unaonekana hata upande wa nyuma, kama umelowa mafuta. Ukibaki mweupe juu juu, nta ilikuwa imepoa na rangi itapita chini yake. Ikifuka moshi, punguza moto haraka.

Rangi, pamoja na robo kikombe cha siki nyeupe kwa lita, ipakwe ikiwa baridi: nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Ikikauka kabisa, viringisha kitambaa ndani ya karatasi nyeupe, kisha magazeti, ukiweke juu ya kigoda ndani ya sufuria ndefu, maji yasikifikie. Chini ya mfuniko tandika taulo kuukuu. Usiliruke hilo taulo! Tone moja likidondoka linaacha doa la duara lisilotoka. Mvuke saa nzima. Karatasi zitanyonya na nta nyingi.

Eti chumvi inafunga rangi? Haifungi. Ukiinyunyiza juu ya rangi mbichi itakuchorea nyota nyota, basi.

Wengine wanalaumu maji ya ziwa rangi ikichuja. Maji ya Victoria ni laini, yachuje tu uchafu. Kilichochuja ni rangi isiyopigwa mvuke wa kutosha.

Na kuanika juu ya mawe jua likiwaka, ati rangi iive! Jua linaifanya hariri iwe ya njano na dhaifu. Kivulini. Sabuni ya unga nayo iachie mashuka. Shampuu kidogo inatosha.

Mwisho, si kila satini ni hariri, hata muuzaji akiapa. Choma uzi mmoja kabla hujalipa. Hariri inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanapondeka; polista inayeyuka na kuacha shanga ngumu. Polista siki haiisaidii, kashonee gauni tu.