Mkia wa Mafuta Unaoelekeza Kinga ya Mwili

Ninapofundisha somo la kinga ya mwili hapa Mwanza, wanafunzi waliozoea kusikia kwamba seli T, yaani aina ya chembe nyeupe za damu, hutambua vipande vya protini hushangaa wanapoambiwa kuwa baadhi yake hutambua mafuta yaliyobeba sukari. Hizo ni seli NKT. Katika damu ya binadamu kwa kawaida hazifikii hata asilimia 1 ya seli T zote, lakini zikiamshwa humwaga sitokini, yaani protini za kupelekea ujumbe kati ya seli, ndani ya saa chache tu, bila kungoja kuzaliana kwanza.

Kiamshi chao mashuhuri kilianzia kwa sifongo wa baharini, Agelas mauritianus, aliyepatikana karibu na Okinawa. Watafiti wa kampuni ya Kirin ya Japani, waliokuwa wakitafuta dawa za saratani, walitoa ndani yake glikolipidi, yaani mafuta yaliyobeba sukari, kisha wakatengeneza maabarani molekuli ya jamii hiyo iliyo rahisi zaidi, alfa-galaktosilseramidi, wakaiita KRN7000. Mwaka 1997 ilibainika kwamba protini iitwayo CD1d ndiyo huishika na kuionyesha kwa seli NKT.

Aliyewahi kutazama wavu ukitegwa ziwani ataelewa inavyoshikwa: mikia miwili ya mafuta, mmoja wa kaboni 26 na mwingine wa kaboni 18, huzama ndani ya mifuko ya CD1d kama wavu uliozama majini, na sukari ya galaktosi hubaki juu kama boya, mahali ambapo kipokezi cha seli NKT huja kugusa.

Ajabu kwangu ni kwamba kinachoelekeza matokeo mara nyingi si boya bali kilichozama. Katika OCH, toleo lililobadilishwa la molekuli hiyo lililoelezwa mwaka 2001, mkia wa kaboni 18 ulikatwa ukabaki na kaboni 9. Mshiko ukalegea, msisimko ukawa mfupi, na seli zikatoa zaidi sitokini ya intalukini-4, ambayo huanza mapema, kuliko ile ya interferoni gama, ambayo huhitaji msisimko wa kudumu. Panya waliopewa OCH walikingwa dhidi ya ugonjwa unaofanana na sklerosisi ya mishipa ya fahamu (multiple sclerosis), ambapo kinga hushambulia neva za mwili wenyewe. Kinyume chake, kubadilisha oksijeni inayounganisha sukari na mafuta kwa kaboni kuliongeza interferoni gama, na dhidi ya malaria ya panya molekuli hiyo ilikuwa na nguvu takriban mara 1,000 kuliko ile ya awali.

Kwetu sisi wa kando ya ziwa, ambako malaria ni maradhi ya kila msimu, jambo hili lina uzito, kwa sababu interferoni gama humshambulia kimelea akiwa bado katika ini, kabla hajaingia kwenye damu na kuleta homa. Hata hivyo, ini la panya lina seli NKT nyingi, hadi asilimia 30 ya limfositi zake (chembe nyeupe za kinga), ilhali la binadamu lina chache zaidi. Tena seli hizi zikichochewa mara kwa mara hupoa na kuacha kuitikia. Kwa hiyo naziona molekuli hizi zikifaa zaidi kuchanganywa na chanjo kwa dozi chache, kama inavyochunguzwa kwa 7DW8-5, molekuli nyingine ya jamii hii, ambayo ncha ya mkia wake mmoja ina pete ya benzini yenye florini.