Jiwe likifika kileleni, mchapuko wake si sifuri

Kila ninapoanza mada ya mwendo na kundi jipya la tuisheni, naandika swali moja ubaoni: jiwe limerushwa wima kwenda juu, likifika kileleni, mchapuko wake (kiasi velositi, yaani kasi pamoja na upande inakoelekea, inavyobadilika kila sekunde) ni kiasi gani? Jibu linakuja kwa pamoja na kwa kujiamini: sifuri. Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa vijana wa kidato cha sita ambao mtihani wa taifa unawakaribia, na mmoja akanionyesha kabisa kwenye daftari kwamba ndivyo alivyonukuu. Kulisahihisha kwa mdomo mwanafunzi mmoja mmoja hakutoshi tena.

Kileleni, velositi ndiyo sifuri. Mchapuko unabaki vilevile ulivyokuwa tangu jiwe lilipotoka mkononi: mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kuelekea chini. Tutumie 10 ili hesabu iwe nyepesi. Umelirusha kwa mita 20 kwa sekunde. Baada ya sekunde 1 linapanda kwa 10. Baada ya sekunde 2 liko kileleni, velositi 0. Sekunde ya 3 linashuka kwa 10, ya 4 linashuka kwa 20 na liko tena usawa wa mkono wako. Ziandike namba hizo kwa mstari mmoja, kupanda kukiwa chanya: 20, 10, 0, −10, −20. Kila hatua imepungua kwa 10, na ile sifuri ya katikati haikupewa upendeleo wowote. Mchapuko ni hiyo tofauti kati ya namba na namba, wala hauhusiani na namba yenyewe kuwa kubwa au ndogo.

Asiyeshawishika ajiulize hivi. Kama kileleni velositi ni sifuri na mchapuko nao ni sifuri, basi hakuna kinachobadilisha ile sifuri. Jiwe lingebaki palepale angani, leo na kesho. Linashuka kwa sababu mchapuko haukukatika hata kidogo.

Wengi wanaelewa hoja hiyo, wanaitikia kwa kichwa, halafu wiki ijayo wanarudi kule kule. Nimegundua mzizi wake uko kwenye kani, yaani nguvu inayovuta au kusukuma. Mwanafunzi anaamini kwamba mkono umeliwekea jiwe kani fulani, jiwe linapanda nayo, inaisha kidogo kidogo, na kileleni inalingana na uzito. Kani zikilingana, mchapuko sifuri. Ukikubali mwanzo wake, mwisho wake unafuata vizuri tu. Wala si fikra ya mtoto mvivu. Hipparchus, Mgiriki aliyezichunguza nyota katika karne ya 2 kabla ya Kristo, alieleza jiwe linalorushwa kwa namna hiyohiyo, na Galileo, mwanasayansi wa Italia, akiwa kijana kule Pisa aliandika jambo linalofanana nalo kabla ya kuliacha. Kwa hiyo simlaumu anayelifikiria mara ya kwanza. Ninachokipinga ni kumwacha nalo mpaka kidato cha sita, wakati kanuni za mwendo za Newton zimechapishwa tangu 1687.

Chukua ndimu uirushe polepole, uangalie vidole vyako. Vikishaachana na ndimu, kani ya mkono imekwisha. Kinachoendelea nayo juu ni velositi, na velositi haihitaji kusukumwa ili iendelee kuwepo. Kuanzia hapo kani iliyobaki ni moja, uzito wa ndimu, ikivuta chini wakati wa kupanda, kileleni na wakati wa kushuka (ukiacha upinzani wa hewa, ambao kwa ndimu ya mwendo huo ni mdogo mno). Ndiyo maana ukiniletea mchoro wa kani wenye mshale wa kwenda juu ulioandikwa “kani ya kurusha”, naufuta kabla sijasoma mstari unaofuata. Kila mshale wa kani lazima uwe na kitu kinachovuta au kusukuma. Kama huwezi kukitaja, mshale huo haupo.

Dhana hii inagharimu maksi. Mfano: jiwe linarushwa juu kwa mita 20 kwa sekunde kutoka ukingoni mwa paa la ghorofa lenye kimo cha mita 25, litafika ardhini baada ya muda gani? Anayeamini kwamba kileleni mambo yanaanza upya anakata swali vipande viwili. Anapata sekunde 2 za kupanda na mita 20 juu ya paa. Halafu, mara nyingi sana, anasahau kuongeza zile mita 20, anadondosha jiwe kutoka mita 25 na kupata kama sekunde 2.2. Jumla 4.2. Kosa. Angeongeza, angedondosha kutoka mita 45, akapata sekunde 3, jumla 5.

Lakini mchapuko ni uleule mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mlinganyo mmoja unatosha. Juu chanya: umbali kutoka paani ni −25, velositi ya mwanzo +20, mchapuko −10, na muda tuuite t. Inakuwa −25 = 20t − 5t², yaani t² − 4t − 5 = 0, na t ni 5 au −1. Chukua 5. Na velositi ya kugonga ardhi ni 20 − 50, yaani −30. Alama ya kutoa inasema tu kwamba linaelekea chini.

Hapo kwenye alama nina neno ambalo wanafunzi wangu wamelisikia mpaka wamelichoka: kabla hujagusa kikokotoo, chora mshale kwenye kona ya karatasi na uandike upande upi ni chanya, kisha usiubadilishe mpaka swali liishe. Wengi wanadhani mchapuko hasi maana yake kitu kinapunguza mwendo, kwa hiyo wanaweka −10 jiwe likipanda na +10 likishuka, ndani ya hesabu moja. Jiwe linaloshuka huku juu ikiwa chanya lina mchapuko hasi na mwendo wake unaongezeka. Hasi ni upande, basi.

Kuhusu kitu kizito kuanguka haraka zaidi, sitapoteza muda. Dondosha karatasi iliyotandazwa, kisha ifinyange iwe tonge uidondoshe tena; uzito ni uleule, kilichobadilika ni upinzani wa hewa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alidondosha nyundo na unyoya mwezini, pasipo hewa, vikatua pamoja.

Nyingine ya haraka: umbali ni kasi mara muda, ila kasi isipobadilika. Gari linaloanza kutoka kusimama na kufikia mita 20 kwa sekunde ndani ya sekunde 10, kwa mchapuko usiobadilika, limekwenda mita 100. Anayeandika 200 amelipatia gari kasi ya mwisho tangu mwanzo.

Kwenye mawimbi, kosa kubwa linatokana na kuisoma kanuni kwa jicho la hesabu tupu. Kasi ni masafa (idadi ya mawimbi kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) mara urefu wa wimbi, kwa hiyo, wanasema, ukiongeza masafa kasi inaongezeka. Haiongezeki. Kasi inaamuliwa na kile wimbi linamopita; masafa yanaamuliwa na chanzo; urefu wa wimbi ndio unaojirekebisha. Sauti ikisafiri kwa mita 340 kwa sekunde, hezi 170 zina urefu wa mita 2, hezi 340 zina mita 1. Gari la matarumbeta ya harusi likiwa bado mbali, tarumbeta na ngoma zinakufikia kwa mpangilio uleule waliopiga. Kama sauti nyembamba ingekimbia kuliko nzito, wimbo ungefika umevurugika. Kupiga kwa nguvu nako hakuifanyi sauti iwahi. Inakuwa kubwa tu. Joto la hewa ndilo linaloibadilisha kasi yake: kwenye nyuzi 0 ni kama mita 331 kwa sekunde, kwenye nyuzi 30 za Dar ni kama 349.

Halafu kuna wanaoipa redio kasi ya sauti kwa sababu redio inatoa sauti. Wimbi la redio linakwenda kama mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Kituo cha megahezi 100 (hezi milioni 100) kina mawimbi ya mita 3. Ukitumia 340 unapata sehemu ndogo ya milimita, na jibu hilo lingekushtua kama ungelitazama kabla ya kupigia mstari.

Wimbi pia halihamishi maji kutoka bahari moja hadi nyingine. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilianzia karibu na Sumatra na kufika pwani ya Somalia baada ya kama saa saba. Maji ya Sumatra yalibaki Sumatra. Kilichovuka Bahari ya Hindi ni nishati. Kwenye kina cha kilomita 4 wimbi la aina hiyo hukimbia karibu mita 200 kwa sekunde, na kina kikipungua ufukweni linapunguza kasi na kuinuka.

Mwisho, mwangwi. Umepiga makofi mbele ya ukuta, mwangwi umerudi baada ya sekunde 0.5. Ukuta uko mita 85 kutoka ulipo, si 170, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi. Chora mishale yote miwili.