Maji ya tambarare ya Kikuletwa hayatoki kwenye barafu

Kila Desemba ikikaribia, maswali ya wateja wangu hubadilika. Watu wa Goba, Mbezi na Kigamboni, ambao mwaka mzima huniuliza kwa nini kisima kimegeuka chumvi, sasa wanauliza habari za shamba la tambarare ya mto Kikuletwa, mkoani Kilimanjaro. Mtu ana ekari zake kule chini ya Boma Ng'ombe au Kahe, anapanda nyumbani kula Krismasi, je, akichimba atapata maji? Mimi ni mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, kazi zangu nyingi ziko hapa Dar es Salaam, na swali hilo silijibu kwenye simu kwa dakika mbili. Ile nchi haifanani na hii yetu ya pwani.

Huku tumekalia mchanga, mfinyanzi na mawe ya matumbawe. Maji yamo katikati ya chembe za mchanga, na ukiyavuta kupita kiasi karibu na bahari, chumvi inaingia. Kule, kati ya Kilimanjaro, Meru na milima ya Pare, ardhi ilijengwa na volkano: lava, majivu, matope yaliyoporomoka. Kisha mito ikaja kutandaza udongo wake juu.

Mvua yenyewe ni kidogo. Arusha Chini, kusini mwa Moshi, kwenye mashamba ya miwa, hupata karibu milimita 500 kwa mwaka, wakati Dar tunapata kama 1,100. Lakini miwa ile ni ya kijani mwaka mzima. Maji yake yananyesha kwingine, kwenye msitu wa kusini mwa Kilimanjaro, ambako mvua huvuka milimita 2,000.

Safari ya maji hayo kushuka ndiyo inayonipendeza kuliko yote. Shika lile jiwe jeusi la Moshi wanalojengea misingi. Limejaa vitundu, na wengi hudhani maji hupita humo. Hapana. Vitundu vile ni mapovu ya gesi yaliyogandia ndani ya lava, na mengi hayakuungana. Njia halisi iko kati ya tabaka na tabaka. Lava ikitiririka, uso wake hupoa kwanza na kukatikakatika kuwa vifusi, wakati tumbo lake linaganda polepole na kuwa mwamba mgumu. Mlipuko mwingine ukija, lava mpya inavifunika vile vifusi, na pale katikati panabaki mapengo ambayo maji hupita kwa kasi ambayo mchanga wetu hauiwezi. Ndiyo maana mchimbaji anaweza kusaga mwamba mchana kutwa akitoa vumbi tupu, halafu ghafla mtambo unazama, tope linaruka, maji yanafuata. Na jirani yako, hatua mia kutoka hapo, akaambulia vumbi.

Nenda Chemka, kijijini Rundugai, wilaya ya Hai, ujionee. Unapita nchi kavu ya miiba na mbuzi, mara unakuta mikuyu mikubwa, na chini yake dimbwi la buluu ambalo unaona hadi mawe ya chini, na samaki wadogo wanaokudonoa miguu. Wenye kutembeza wageni huyatangaza kama maji moto. Hayana moto wa kutajika. Chemchemi nyingi za ukanda huu hutokea pale lava yenye nyufa inapokutana na udongo laini wa tambarare: maji yaliyokuja chini kwa chini yanazibiwa njia, yanapanda juu. Marekani, kwenye tambarare ya mto Snake jimboni Idaho, mambo ni yale yale kwa ukubwa zaidi. Mto uitwao Big Lost unaingia ardhini kwenye lava na kutoweka, na maji yanakuja kububujika kwenye kuta za korongo, mahali paitwapo Thousand Springs, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo.

Watu hupenda kuamini kwamba Chemka ni theluji iliyoyeyuka ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Hadithi tamu, lakini vipimo vya isotopu (aina za atomi ndani ya maji zinazodokeza yalikonyesha) vinaonyesha kwamba chemchemi za miteremko ya chini zinalishwa zaidi na mvua ya msituni, na mchango wa barafu ni mdogo. Barafu ile ilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007. Ingekuwa ndiyo tangi la tambarare, Chemka leo ingekuwa shimo la vumbi. Mimi naogopa zaidi panga na mkaa kule msituni, na pampu zinazoongezeka huku chini.

Maji haya hushuka na mto Kikuletwa, nao hukutana na mto Ruvu (si ule tunaokunywa Dar, ni wa Kilimanjaro na Pare) kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo mto unaitwa Pangani.

Sasa tahadhari kwa mwenye shamba upande wa Meru. Miamba ya kule ina floraidi nyingi, ile inayofanya meno kuwa ya kahawia, na magadi ya kulainishia maharage huongeza zaidi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya upande huo huvuka hapo. Maji yakitoka, jaza chupa safi ya plastiki, si ya kioo, maana floraidi hushambulia kioo na kipimo kinaharibika. Ipeleke maabara kabla hujalipia pampu.