Je, wajua kwa nini utamu wa dhikri haufiki asubuhi?

Nilikuwa na miaka 15. Ulikuwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, wakati Lamu inapojaa wageni wa pwani nzima hadi vibaraza vikakosa nafasi. Nilisimama safuni katika msikiti wa Riyadha pamoja na vijana wenzangu. Kanzu ilikuwa imelowa jasho, matari yanalia, moshi wa udi unapita juu ya vichwa vyetu. Mahali fulani kati ya beti mbili za kaswida nikaacha kujua mwili wangu unaishia wapi na wa jirani yangu unaanzia wapi. Machozi yakanitoka bila huzuni. Nilirudi nyumbani Langoni usiku mkubwa nikiwa na yakini kwamba nimekuwa mtu mwingine, na kwamba sitamkasirikia kiumbe tena.

Kabla ya adhana ya adhuhuri nilikuwa nimemjibu mama yangu neno ambalo hadi leo nalijutia.

Jioni nikamwendea ami yangu, ambaye alikuwa amesimama katika safu zile tangu kabla sijazaliwa. Nikambusu mkono, nikamwambia: ami, jana nilizinduka na leo nimelala tena, kwa nini? Hakushangaa. Alisema, "Ile ilikuwa hali, mwanangu. Hali hupita. Wewe ulitaka ikae?" Nilitaka ikae, bila shaka. Ilinichukua miaka mingi kuelewa alichonijibu.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili mtu huzinduka akitoka usingizini, au akirudiwa na fahamu baada ya kuzimia. Aliyezinduka hajahamishwa. Yuko pale pale alipoanguka, juu ya mkeka ule ule, ila sasa anaona. Kinyume chake ni kughafilika, na neno hilo ni la shina moja na ghafla: aliyeghafilika ndiye ambaye mambo humfikia ghafla kwa sababu hakuwa akitazama. Dhikri nayo maana yake ni ukumbusho. Kwa hiyo wale wanaosimama safuni usiku ule hawatafuti kitu kipya. Wanakumbuka kitu walichokisahau mchana. Napenda sana kwamba lugha yetu inasema hivi, maana inaondoa kiburi chote katika jambo hili.

Wapo wanazuoni wasiokubali matari wala Maulidi yenyewe, na hoja zao ni za miaka mingi. Hapa sigusi hukumu ya fiqhi, yaani sheria ya dini. Naeleza kinachompata mtu.

Kinachompata huanzia kwenye pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anayesoma maneno marefu kwa sauti, tena kwa mizani, hana budi kuvuta pumzi mara chache na kuitoa polepole. Mwaka 2001 daktari wa Italia, Luciano Bernardi, na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza matokeo ya kuwapima watu 23. Watu hao walisoma rozari ya Kikatoliki kwa Kilatini, kisha wakasoma maneno ya dhikri ya Kibudha. Katika hali zote mbili pumzi zilishuka hadi karibu sita kwa dakika. Mwendo huo unalingana na wimbi la asili la mwili, lile linalopandisha na kushusha shinikizo la damu kila baada ya sekunde kumi hivi. Mawimbi mawili yakikutana, moyo hupata wepesi wa kujirekebisha, na mwili mzima husoma kwamba hakuna hatari. Rozari ile husomwa kwa kupokezana, mmoja anaanza na wengine wanamalizia. Aliyewahi kuitikia kaswida atalitambua jambo hilo mara moja: anayeongoza anatoa ubeti, sisi tunavuta pumzi, sisi tunaitikia, yeye anavuta yake.

Kutoa pumzi kuna kazi yake maalumu. Kila tunapoitoa, neva ndefu iitwayo vagasi, itokayo ubongoni na kushuka hadi kifuani na tumboni, hupunguza mapigo ya moyo. Dhikri, ukiitazama kwa jicho hilo, ni saa nzima ya kutoa pumzi ndefu.

Halafu kuna wenzako. Mwaka 2013 Björn Vickhoff na wenzake wa Göteborg, Sweden, waliwapima vijana walipokuwa wakiimba pamoja, wakaona kwamba mapigo ya mioyo yao yalipanda na kushuka kwa wakati mmoja, kwa sababu wimbo uliwapa pumzi moja. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka safu ya Riyadha: mabega yanayogusana, vichwa vinavyoinama upande mmoja kisha upande wa pili, kama minazi ya Shela inaposhikwa na upepo wa kusi. Sikuwa nimeota. Moyo wangu na wa jirani yangu huenda kweli vilikuwa vikitembea pamoja.

Jambo la tatu ni la ndani zaidi. Ubongo wa mtu asiye na kazi haupumziki. Mwaka 2001 Marcus Raichle wa chuo kikuu cha Washington, huko St. Louis, alieleza kwamba yako maeneo ya ubongo yanayoamka kwa pamoja pale mtu anapoachwa bila shughuli. Watafiti waliofuata wakayahusisha sana na mazungumzo yetu ya kimoyomoyo: nilivyoonekana jana, atakavyosema kesho, nani kanidharau. Sisi tulikuwa na jina la mnong'ono huo zamani, tunauita wasiwasi. Mwaka 2011 Judson Brewer na wenzake, Yale, walionyesha kwamba kwa watu waliozoea kutafakari kwa miaka mingi, maeneo hayo hutulia wakati wa tafakuri. Mnong'ono ukikoma, kinachobaki ni sauti ya tari, joto la chumba, na uso wa mwenzako. Ndiyo maana mtu husema "nilipotea" na wakati huo huo anasema hajawahi kuona vizuri namna ile.

Je, basi yote ni pumzi na neva tu? Siamini hivyo. Nahodha anajua tanga linavyojaa na kamba ipi ivutwe, lakini upepo haukuanzia kwenye tanga. Aliyetuumba na mwili ndiye aliyeufanya uweze kutulia.

Sasa turudi kwenye asubuhi. Watu wa tasawufi, yaani masufi, na Lamu imewalea wengi, hutenganisha maneno mawili: hali na makamu. Hali, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kitu kinachogeuka. Humjia mtu kama zawadi, naye hana uwezo wa kuishika. Makamu ni mahali pa kusimama, hupatikana kwa kazi, na hubaki. Alichoniambia ami kwa neno moja, William James, mwanasaikolojia wa Marekani, alikifikia kwa njia yake katika mihadhara aliyoitoa Edinburgh mwaka 1901 na 1902. Alikusanya maelezo ya watu wa imani mbalimbali waliopatwa na mambo haya, akaona sifa nne zinazojirudia: hayaelezeki kwa maneno, yanampa mtu hisia ya kujua jambo, yanampata pasipo yeye kuyaamrisha, na hayadumu. Nusu saa, alisema, au ikizidi sana saa moja au mbili, isipokuwa kwa nadra, kisha mchana wa kawaida unarudi.

Hakuna aibu katika kupita huko. Mwili hauwezi kukaa kileleni, kama bahari isivyoweza kukaa imejaa siku nzima. Hatari ninayoiona iko kwa anayeipenda hali kuliko kitu ambacho hali ilimwonyesha. Huyo atahama kutoka usiku mmoja wa matari hadi mwingine, au, kwa zama hizi, kutoka video moja ya "nguvu za ndani" hadi nyingine, akitafuta machozi yale yale, na nyumbani kwake wataendelea kumwogopa. Nimewaona. Nilikaribia kuwa mmoja wao.

Qur'ani inaitaja nafsi kwa sura tatu, na wazee hufundisha kuzisoma kama ngazi: inayoamrisha maovu, katika Surat Yusuf, inayojilaumu, mwanzoni mwa Surat al-Qiyama, na iliyotulia, mwishoni mwa al-Fajr. Mimi nilidhani usiku ule nilirukia ya tatu. Kumbe nilichopewa kilikuwa mlango wa ya pili. Kabla ya hapo ningemjibu mama neno lile na kulisahau. Safari hii lilinichoma kutwa nzima hadi nikaenda kwa ami. Hali ilipita ikaacha mwiba, na mwiba ule ndio uliokuwa na faida.

Ukitaka kuona makamu mjini Lamu, tazama aliyeuanzisha msikiti ule wa Riyadha. Habib Swaleh bin Alawi Jamalilel alikuja kutoka Ngazija, katika visiwa vya Komoro, akakaa Lamu mwishoni mwa karne ya 19. Elimu ya dini wakati huo ilikuwa imejifungia katika majumba makubwa ya mawe, kwa watu wa nasaba. Yeye mwenyewe alikuwa sharifu, mtu wa ukoo wa Mtume, angeweza kuketi nao bila kuulizwa. Akateremka upande wa Langoni, nje ya majumba hayo, akawafundisha waliokuwa watumwa na watoto wao, wakati ambapo utumwa ulikuwa bado haujafutwa kisheria. Katika pwani ya Kenya ulifutwa mwaka 1907. Alieneza Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Habib Ali wa Seiyun, Hadhramaut, yasomwayo kwa matari, na wakubwa wa mji walimlaumu kwa hilo. Hatujui alihisi nini moyoni mwake aliposoma. Tunajua alikaa na nani. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo: ufahamu wa mtu ukibadilika, mkeka wake hupanuka.

Visiwa hivi vinajua pia kuzinduka kusiko na utamu wowote. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Inkishafi, na jina hilo lina maana ya kufunuka, pazia kuondolewa. Mshairi anauona mji wa Pate, uliokuwa na taa, vyombo vya kigeni na watu wa fahari, umebaki magofu yenye popo na wadudu. Hawahubirii wengine. Anaukemea moyo wake mwenyewe. Huko hakuna tari wala safu, kuna mtu mmoja na kuta zilizoanguka. Wanasaikolojia Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, katika miaka ya 1990, walilipa jina jambo la karibu na hilo: kukua kunakomjia mtu baada ya pigo kubwa, msiba au maradhi, anapolazimika kuuliza upya anaishi kwa ajili ya nini. Wengi wa wazee ninaowaheshimu walifunuliwa kwa njia hii, si kwa ile ya udi na marashi.

Lakini pigo nalo husahaulika. Aliyelia makaburini Ijumaa huonekana Jumatatu akidhulumu kwenye mizani. Ndiyo maana kila shekhe mwenye busara humpa mwanafunzi wake uradi, maneno machache ya kila siku, mengine mafupi kiasi cha kumkatisha tamaa kijana anayetaka ngurumo. Mtafiti Phillippa Lally wa London na wenzake walifuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea madogo, kama kula tunda au kunywa maji kila siku pamoja na jambo lile lile la siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 tendo lijiendee lenyewe. Kwa wengine siku 18, kwa wengine ilikadiriwa 254. Hiyo ni kazi ya tunda tu. Sembuse kuzoeza ulimi usijibu kwa hasira.

Mama alikuwa akisimulia kwamba ujanani ami alikuwa mkali, mtu wa kupasua vyombo. Mimi sikumjua huyo. Niliyemjua alikuwa akiketi kibarazani kila alfajiri na tasbihi, mvua iwepo au isiwepo, mwaka baada ya mwaka.

Alfajiri moja kijana wa jirani alikuja akiwa analowana, anatetemeka. Usiku alikuwa ameazima mashua ya ami, mali pekee ya maana aliyokuwa nayo, akaipandisha mwambani, mkuku ukapasuka. Alisema yote kwa pumzi moja, macho chini. Nilimtazama ami. Kidole gumba chake kilisogeza punje moja ya tasbihi, ya pili, ya tatu. Kisha akauliza, "Umeumia?"

Kijana akasema hapana.

"Kaa. Mletee kahawa," akaniambia.

Nilipotoka na birika, yule kijana alikuwa analia, na ami alikuwa amerudi kwenye punje aliyoiachia, anaendelea kuhesabu.