PES 2024 ya PS2 ipo kweli? Dhana potofu kuhusu gemu za mpira za zamani na mpya

Hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa mpaka Uyole, ubishi wa vibanda vya gemu haubadiliki: PES ya zamani, ile ya kampuni ya Konami, na FIFA mpya ya kampuni ya EA, ipi kali? Sehemu kubwa ya ubishi huo inatokana na mtu kusoma mwaka ulioandikwa kwenye kava akadhani ameijua gemu iliyomo.

Dhana: "CD hii ya PS2 ni PES 2024, hata usajili mpya umo."

Konami iliitolea PS2 (PlayStation 2) PES yake ya mwisho mwaka 2013, nayo ni PES 2014. Kwa upande wa EA, ya mwisho ni FIFA 14. Chochote cha PS2 kinachouzwa kwa mwaka wa mbele zaidi ni gemu ya zamani iliyofunguliwa na mafundi, wakabadilisha majina, jezi na nyuso, wengine wakaingiza hadi Simba na Yanga. Ni kazi kubwa, na walioifanya wanastahili heshima. Lakini kwa kawaida haigusi mpira unavyodunda wala beki anavyogeuka. Simu nazo ni vilevile: faili la PPSSPP (programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu) linaloitwa FC 25, FC likiwa jina jipya la FIFA za EA, limejengwa juu ya gemu ya PSP, PlayStation ile ya mkononi, na PSP nayo iliishia kwenye matoleo hayohayo ya 2013.

Kabla ya kutoa hela, mwombe muuzaji aweke CD yako ya zamani, kisha hiyo "mpya". Chagua timu ileile, piga krosi kumi kutoka winga ya kulia, macho kwa kipa. Akitoka langoni kwa namna ileile na muda uleule, unanunua jezi tu.

Dhana: "FIFA 19 ni FIFA 19, mashine haijalishi."

Inajalisha sana. FIFA 17 ya PS4 ilihamia kwenye injini (programu inayoendesha gemu) ya Frostbite, ya PS3 ikabaki kwenye injini ya zamani. FIFA 18 na 19 za PS3 EA wenyewe waliziita Legacy Edition: vikosi na jezi vilisasishwa, uchezaji haukuguswa. Kwa hiyo anayelinganisha FIFA 17 na 19 kwenye PS3 na kusema hakuna kilichobadilika, anasema kweli, ila ni kweli ya PS3 peke yake. FIFA 22 ilirudia hayo: mfumo wa HyperMotion, uliotokana na kurekodi mwendo wa wachezaji 22 wakicheza mechi, ulikuwa PS5 lakini PS4 haikuupata.

Dhana: "Za zamani zinaitika haraka, mpya ni nzito."

Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika, maana wanalinganisha TV bila kujua. PS2 ilizoeleka kwenye TV ya chogo, ambayo inaonyesha picha papo hapo ishara inapofika. TV bapa huipokea picha, huichakata, ndipo huionyesha. Ukibonyeza shuti, mguu unachelewa kidogo tu, lakini kwenye mpira kidogo hicho ni bao.

Fungua mipangilio ya picha kwenye TV, washa modi ya gemu, zima kipengele cha kulainisha mwendo. Cheza dakika tano, halafu izime modi ya gemu ucheze tena; tofauti utaihisi kwenye vidole. Asubuhi za Julai baridi ya Mbeya nayo inapunguza wepesi wa vidole, hivyo jaribio lifanyike mchana. Na PS2 ukiichomeka kwenye TV bapa kwa nyaya tatu za AV, picha inakuwa na ukungu na uzito unaongezeka, kwa sababu TV ina kazi zaidi ya kuibadilisha. Usiilaumu gemu.

Dhana: "Toleo jipya lazima liwe na vitu vingi zaidi."

PES 2014 ya PS3 ilitoka bila mvua, ilhali matoleo ya nyuma yalikuwa nayo. eFootball 2022, iliyochukua nafasi ya PES, ilianza na timu tisa tu za kuchagua. Kwenye FIFA 20 Juventus iligeuka Piemonte Calcio, kwa kuwa haki za jina zilikuwa kwa Konami.

Dhana: "FIFA za siku hizi mabeki wamekufa."

Hawajakufa, kitufe ndicho kimebadilika kazi. Kwenye PES ya zamani ukishikilia X, beki anamvaa mtu na kupora mwenyewe. Tangu FIFA 12, X kwa mpangilio wa kawaida humfanya beki amfuate mshambuliaji kwa umbali wa hatua chache. Kupora ni duara, na wakati unauchagua wewe. Ukibonyeza mapema, beki anapitwa. Shikilia R1 umwite mwenzake azibe, L2 umkabili mtu uso kwa uso, kisha duara pale tu mpira unapomtoka mguuni.

Anayetoka PES hupiga pia krosi akitaka shuti, kwa sababu mraba na duara zimebadilishana kazi. Kabla ya mechi, ingia kwenye mipangilio ya vitufe, chagua ule ulioandikwa Alternate, na shuti litarudi kwenye mraba.