"Nimeshapakia kazi, si inatosha?" Mambo wanafunzi wanayoyaelewa vibaya kuhusu Moodle

Moodle, mfumo wa kusomea na kuwasilisha kazi mtandaoni, ilianzishwa na Martin Dougiamas kule Perth, Australia, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2002. Leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni miongoni mwa vyuo vinavyoitumia. Wapo wanafunzi wanaolielewa somo vizuri kabisa lakini wanapoteza alama humo kwa sababu hakuna aliyekaa nao kuwaonyesha mfumo unavyofanya kazi. Inaniuma, maana mambo yenyewe yanafundishika.

"Nikishapakia faili, kazi imefika."

Hili ndilo linaloumiza wengi. Mhadhiri anaweza kuupanga mfumo ili faili likae kwanza kama rasimu. Hapo unaliona kwenye ukurasa, jina lake liko sawa, unafunga simu ukalala. Kumbe bado kuna kitufe cha kuwasilisha, na baada yake swali la kuthibitisha. Rudi kwenye ukurasa wa kazi usome mstari wa hali: kama bado panasema rasimu, hujawasilisha. Pakiandikwa kuwa imewasilishwa ili isahihishwe, piga picha ya skrini uitunze.

Upande wa pili, wapo wanaoogopa kupakia mapema wakidhani hawataweza kubadilisha. Rasimu unaibadilisha utakavyo hadi uiwasilishe. Ukishathibitisha ndipo inafungwa, na ukitaka kuirekebisha ni lazima mhadhiri aifungue.

"Saa 12:00 AM ya Jumanne ni Jumanne usiku."

Hapana. Ni saa sita ya usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Anayesubiri Jumanne jioni amechelewa karibu siku nzima. Na 12:00 PM ni saa sita mchana, si saa kumi na mbili jioni.

"Muda ukipita, basi."

Si lazima. Moodle ina tarehe mbili: ya kuwasilisha na ya kufunga. Mhadhiri akiziachanisha, kazi inayoingia katikati inapokelewa, ila inaandikwa kuwa imechelewa. Anaweza pia kumwongezea muda mwanafunzi mmoja peke yake. Kwa hiyo fungua ukurasa uone kama bado unapokea, kisha mwandikie mhadhiri usiku huohuo ueleze kilichotokea. Usikate tamaa kimyakimya.

"Bando likikata katikati ya jaribio, majibu yote yamepotea."

Kwa kawaida mfumo huhifadhi majibu wenyewe kila baada ya muda mfupi, na tena kila unapohamia ukurasa mwingine. Mtandao ukirudi, ingia uendelee na jaribio lilelile. Saa ndiyo haikusubiri. Iliendelea kuhesabu ulipokuwa nje. Muda ukiisha, mara nyingi yaliyohifadhiwa hujiwasilisha yenyewe, lakini mhadhiri anaweza kupanga vinginevyo, kwa hiyo soma maelekezo kabla ya kuanza. Tafadhali usilifungue jaribio hilohilo kwenye simu mbili kwa pamoja.

"Bila bando kila siku siwezi kusoma."

Chuo kikiwa kimeruhusu programu ya Moodle ya simu, pakua sehemu nzima za kozi ukiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba, ukasome nyumbani bila intaneti. Video zilizounganishwa kutoka YouTube hazipakuliwi kwa njia hiyo, lakini maandishi na faili za PDF zinakuja.

"Nimejisajili chuoni, kozi itatokea yenyewe."

Katika vyuo vingine usajili wa chuo na wa Moodle ni vitu viwili. Huenda ukahitaji kuitafuta kozi na kuweka neno la siri la kozi hiyo. Liulize wiki ya kwanza.

"Mhadhiri hajui kama nimeingia."

Anajua. Mfumo unaandika umefungua nini na saa ngapi. Wengi wanaliona hilo kama upelelezi. Mimi nalihesabu kuwa ulinzi wa mwanafunzi. Ukiambiwa hukuwasilisha, na wewe una hakika uliwasilisha, omba kwa heshima kumbukumbu hizo zifunguliwe. Saa uliyobonyeza kitufe imeandikwa humo.